Maneno Yaliyohama Meza ya Kumi na Nne

Siku Chiriku alipotimiza miaka kumi na saba, aliamkia mtihani wa hesabu. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule nzima, alikuwa amepiga magoti sakafuni akipandisha pindo la sketi huku binti kaivaa, pini tatu mdomoni, akisemea pembeni mwa midomo.

"Usitikisike, nitakudunga. Hongera ya kuzaliwa."

"Ahsante, mama. Wamenipanga meza ya kumi na nne."

Mama alikata uzi kwa meno. Hakuuliza meza ya kumi na tano kakaa nani. Mtaa mzima ulijua tangu karatasi ya mpangilio wa viti ilipobandikwa mlangoni pa ukumbi: binti wa mwenyekiti wa bodi ya shule. Mwalimu mkuu hupanga viti kwa mkono wake mwenyewe kila mwaka, kichwa kimoja kizuri kando ya mtoto mmoja wa mkubwa, na hakosei.

"Basi andika polepole," mama alisema, akasimama na kujipangusa magoti.

Kuandika polepole Chiriku hakuweza. Jina lenyewe la utani alipewa kwa sababu akianza kusema hana breki, na kalamu yake ilikuwa na tabia ya mdomo wake. Miaka minne alikuwa wa kwanza au wa pili darasani. Akifaulu angeendelea na masomo. Asipofaulu, chumbani kwa mama kulikuwa na cherehani ya pili iliyofunikwa kitambaa, na kila aliyeingia mle alijua inamngoja nani.

Ukumbini, msimamizi alipima nafasi kati ya meza na meza kwa kamba: hatua moja na nusu, kama sheria inavyotaka. Kengele ikalia. Swali la kwanza Chiriku alilimaliza kwa dakika nne. Alipopuliza wino ukauke, tarakimu zilinyanyuka kwenye karatasi, zikajipanga mstari mmoja kama siafu, zikashuka kwa mguu wa meza, zikavuka sakafu na kupanda meza ya kumi na tano. Binti wa mwenyekiti alikuwa ameketi mikono kifuani, akizisubiri. Saba moja ililala kombo. Akainyoosha kwa ncha ya rula.

Msimamizi, aliyekuwa akipita, aliinua mguu asizikanyage.

Chiriku alinyoosha mkono. "Mwalimu, majibu yangu yanaondoka."

"Nimeyaona. Andika, muda unakwenda."

"Na majibu yanakwenda."

"Usinijibu jeuri. Halafu vuta kiatu chako ndani, umeyazibia njia."

Alijaribu kuyazungushia rula na kifutio kama ua; yakapanda juu. Akayalalia kwa kiwiko, yakatokea kwapani. Akaikandamiza kalamu kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka, nayo yakapitia pale pale kwenye tundu. Mwisho akaandika kwa makusudi kwamba sita mara saba ni hamsini. Hiyo ilibaki. Akaongeza nyingine ya uongo, nayo ikatulia. Makosa hayakuwa na miguu.

Mtihani ulipokwisha, mfagizi alipita na ufagio, akazoa nukta na mikato iliyodondoka njiani, akaimwaga kwenye ndoo ya taka.

Alasiri ile nyumba ilijaa. Mama mdogo, ambaye habari ya mtaa haiwezi kufika msibani wala harusini kabla yake, alileta keki. Mjomba, fundi mwashi, aliingia na saruji mpaka kwenye nyusi. Majirani walikaa hadi juu ya cherehani ile ya pili.

"Haya, Chiriku," mama mdogo aliuliza, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha, "yalikwenda?"

"Yote."

"Shukuru, wewe ni hatua moja na nusu. Ya yule mwenzio wa mwaka juzi yalivuka ukumbi wote mpaka dirishani. Nusu yalikanyagwa! Mtoto wa watu kule dirishani karibu afeli."

Watu wakacheka. Mjomba akaona zamu yake imefika.

"Hesabu zangu si zilikwenda kwa huyu mhandisi wetu? Leo asubuhi kaja kazini, kashika ramani juu chini. Ananiuliza, 'Fundi, hapa nguzo inasemaje?' Nikamwambia, 'Bosi, muulize aliyekuandikia.' Kacheka huyo! Kanipa na mkono."

"Ukafanyaje?" Chiriku aliuliza.

"Nikamsomea ramani. Ningefanyaje, mpwa wangu? Jengo lingeangukia watu."

Wakacheka tena, wengine wakijipiga mapaja. Kicheko kile kilimwingia Chiriku kama pilipili jichoni. Msimamizi alikuwa mtu baki. Hawa ndio waliombeba mgongoni.

"Mama, wewe kila muhula unaingia ofisini kwa mwalimu mkuu kumpima suti. Umeshamzunguka kifua na utepe mara ngapi? Hujawahi kumwambia?"

Kicheko kikapungua, maana watu walitaka kusikia.

"Sare mia nne, mwanangu," mama alisema. "Nikimwambia, kesho anashona mwingine, na maneno yatatembea vilevile."

"Kwa hiyo unanyamaza."

"Nanyamaza, na wewe unakula. Kata keki."

Chiriku aliikata kwa nguvu mpaka sahani ikapasuka chini yake. Mama mdogo akasema sahani ikivunjika ni baraka, akagawa vipande.

Siku mbili baadaye ulikuwa mtihani wa insha. Swali lilisema: eleza tukio ambalo hutalisahau maishani. Chiriku aliinamia karatasi, na safari hii hakuweka rula wala kiwiko. Aliandika kwamba mwenye karatasi itakayosomwa hakuandika hata neno moja. Akataja namba ya meza yake na namba yake ya mtihani. Akaandika kwamba mwalimu mkuu ndiye anayepanga viti, msimamizi ndiye anayeinua mguu, na mwenyekiti anajua bei ya kila kitu isipokuwa aibu. Alimweka mjomba na ramani yake. Alimweka mama na utepe wake. Kila sentensi ilipokauka, ilishuka na kuondoka bila kusita, hata neno moja halikugeuka nyuma. Binti wa mwenyekiti aliyapokea, akayapanga mistari, bila kuyasoma. Hakuwahi kuyasoma.

Zilipobaki dakika tano, Chiriku aliona aibu kidogo kwa sababu ya mama yake, akaongeza: "Lakini nimewasamehe wote."

Sentensi hiyo ilibaki. Aliipuliza, akaisukuma kwa kidole, haikusogea. Akaikabidhi kama ilivyo.

Matokeo yalitoka baada ya wiki saba. Insha ya meza ya kumi na nne ilipata alama mbili, kwa hati safi. Ya meza ya kumi na tano ilipata thelathini na tisa kati ya arobaini, na msahihishaji aliandika pembeni: "Hoja nzito. Mwandishi ana ujasiri."

Mwalimu mkuu alifurahi mno. Aliitisha mkutano wa wazazi, na binti wa mwenyekiti akapanda jukwaani na gauni jipya la kijani kusoma insha yake. Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kila neno lilisikika. Ilipotajwa meza ya kumi na nne, na namba ya mtihani, wazazi walitikisa vichwa kwa jinsi mtoto alivyopangilia mambo. Ilipofika habari ya kupanga viti, mwalimu mkuu alivua miwani akafuta machozi. Palipotajwa aibu, mwenyekiti aliomba sentensi irudiwe. Msomaji alijikwaa mara moja tu, kwenye neno refu, na kule nyuma midomo ya Chiriku ikalitamka kabla hajajizuia.

Insha ilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Mjomba alipiga mluzi. Mama, aliyelishona gauni lile la kijani kwa siku tatu, alipiga makofi akimtazama binti yake, na hakuacha.

Chiriku alibaki ameketi, viganja vimebana magoti. Mwalimu wa zamu alipita kati ya mistari, akamwona, akasimama. Akafungua daftari la utovu wa nidhamu na kumwandika.