Sindano ya Mke Mkubwa

Tangu asubuhi samaki wakavu wa Apua walikuwa wamelala juu ya gunia, soko zima la Lodwar likiwapita kama mzoga, na Akuwam alijua vyema nani aliyewafukuza wanunuzi. Ni yeye mwenyewe. Mimba yake ya pili ilipoharibika, alisimama papa hapa akapayuka kwamba macho ya Apua, mke mwenzake mkubwa, yameua wanawe. Nani angebishana na mama anayelia?

"Ejok, Mama Ejore," alimsalimu Apua kwa Kiturkana.

 Apua aliendelea kufukuza nzi.

Akuwam alimeza mate, na kiburi chake nacho. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na kliniki ilikuwa imempima damu ikakuta kaswende. Muuguzi alimweleza bila kuzunguka: ugonjwa huo huua watoto tumboni, nao unatibika. Wajawazito wengi huwa nao bila kujua, hasa wenye waume wa safari ndefu. Akuwam alichomwa sindano. Lokiru, mume wao, dereva jogoo wa malori ya Nadapal mpakani, alichomwa pia, akilia kama ndama. Lakini Lokiru hulala nyumba zote mbili. Apua asipopimwa na kutibiwa, ugonjwa ungeweza kurudi na kumkuta mtoto palepale.

"Twende kliniki, mama. Ni damu kidogo tu, na sindano."

"Mimi nimemaliza kuzaa. Wacha iniue."

"Si kwa ajili yangu. Ni mtoto."

"Leo ndio umekumbuka mimi ni mtu?" Apua aliinua uso hatimaye, na chuki iliyokuwemo ilimfanya Akuwam arudi nyuma. "Ulisema macho yangu inakula watoto. Mwaka mzima nakaa hapa na samaki yangu, hakuna mtu ananunua. Sasa sema ukweli. Hapa hapa, na hiyo mdomo yako. Taja ugonjwa yako jina. Ukimaliza, nitaenda."

Akuwam aliwatazama wanawake wa soko. Kabla ya jua kuzama wangemwita malaya mpaka kwao Kerio. Alimchukia Apua, akamchukia zaidi kwa kuwa alikuwa na haki. Kisha akawakumbuka wale wawili waliozikwa bila majina, ambao hakuwahi kuwalilia ila kwa kumtukana mtu. 

Akawageukia wanawake.

"Si macho ya Mama Ejore!" alisema. "Ni kaswende iliua watoto wangu. Iko kwa damu yangu, na Lokiru pia iko naye. Huyu mama nilimsingizia."

Mtu alicheka, kisha akakatiza. Mwanamke mmoja muuza makaa akaacha kupima, akajishika tumbo lake mwenyewe.

Apua alikuwa amekwisha kunja gunia. Akavaa kandambili, akajifunga leso, wala hakumtazama.

"Rudia," alisema. "Wa kule nyuma hawajasikia."