Mlango wa Kushoto Usifunguliwe

"Hiyo gari haiuzwi," mama mkwe wangu alisema kwa mara ya tano, akigonga sakafu kwa fimbo kana kwamba sakafu ndiyo iliyombishia.

"Inauzwa, Mama. Mnunuzi anakuja saa nne."

"Basi niuze na mimi humo humo."

"Ungekuwa unaweza kuingia humo, nisingeiuza."

Nilijua nimempiga penye kidonda, lakini mimi si mtu wa kupaka maneno asali. Nyonga yake ilikuwa imekaza. Mtaalamu wa mazoezi pale zahanati alitaka kumwona kila Jumamosi, naye alikuwa amekosa Jumamosi saba mfululizo. Mtaalamu aliniambia wazi: zikifika kumi, fimbo haitatosha tena, tutafute kiti cha magurudumu. Basi lina ngazi ndefu. Gari la kukodi alilikataa: "Sibebwi na mtu nisiyemjua ukoo wake." Kilichobaki ni gari la marehemu baba mkwe, kuukuu, la milango miwili, zuri la kutazama, ambalo mlango wake wa kushoto haufunguliwi.

Sisemi haufunguki. Nasema haufunguliwi. Miaka sita iliyopita baba mkwe alibandika utepe mweupe juu ya kishikio cha mlango ule, akaandika kwa kalamu nzito na herufi kubwa: MLANGO WA KUSHOTO USIFUNGULIWE. Siku nne baadaye moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Neno la marehemu ni zito. Tangu siku hiyo familia nzima imeingilia upande wa dereva. Mama mkwe alikuwa akipita juu ya gia, matako kwanza, huku akilaani, hadi akafika kwenye kiti chake. Karibu miaka sita alifanya hivyo. Kisha nyonga ikakataa.

"Nitanunua gari la milango minne," nilimwambia. "Unafungua, unakaa, tunaondoka. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba wewe ukiona kitu kimeharibika, unaona takataka."

"Mimi? Mimi ninayekutengenezea meno?"

"Hayo meno ndiyo usiyataje kabisa. Yananibana kama mkopo."

Nina diploma ya ufundi wa meno bandia, na chumba changu cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Nimewatengenezea meno watu wa mitaa mitatu, wanatafuna hata mifupa. Mteja mmoja tu hulalamika, naye analala chumba cha pili kutoka changu. Mume wangu angetuamulia, ila yeye, ambaye hata kopo la maziwa ya unga humshinda, alikuwa ametoka alfajiri akisema ana kikao. Jumamosi! Kikao cha waoga.

Saa nne kamili lori likasimama langoni na kuziba njia yote. Akashuka mzee mwenye mvi na mikono minene, ovaroli imepauka magotini. Mjini wanamwita Koleo, kwa sababu akishika kitu hakiachii. Kazi yake ni kununua magari ya zamani, kuyachambua, na kuuza kipande kimoja kimoja.

Alilizunguka gari mara mbili. Akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Akachungulia kioo cha mlango wa kushoto, ambacho kilikuwa kimeacha mwanya wa vidole viwili juu, mwanya ulioruhusu mvua kuingia hadi zulia likaota ukungu.

"Hiki ndicho nilichokuja kukitafuta," akasema. "Kioo cha kupinda namna hii hakipatikani tena. Mlango mnaufungua?"

"Haufunguliwi," tukajibu mimi na mama mkwe kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana tangu asubuhi.

Koleo akainama akausoma utepe. Akausoma tena, midomo ikichezacheza.

"Aliyeandika hapa alikuwa nani?"

"Mume wangu," mama mkwe akasema, amejinyoosha. "Fundi wa magari. Miaka arobaini."

"Fundi?" Koleo akaanza kutabasamu, kisha akaona uso wa mama mkwe, akaliondoa tabasamu haraka. "Bibi, nisamehe. Fundi akisema injini imefunguliwa, ana maana gani?"

"Kwamba imebomolewa. Imetolewa vitu vyake nje."

"Enhe. Na akisema mlango usifunguliwe?"

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Diploma yangu ukutani, miwani usoni, na miaka sita niliutii utepe kama mtoto wa darasa la kwanza. Koleo akashika kishikio, akavuta. Mlango ukalia kidogo, ukafunguka. Bawaba zilikuwa zimepakwa grisi nzuri tu.

"Alikuwa anawakataza msiutoe huu ubao wa ndani," akasema. "Kioo kimeachia mahali. Ukiutoa ubao bila kukishika, kinadondoka, mnabaki na vipande. Mlango wenyewe angeukataza wa nini?"

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, fimbo imelala miguuni. Nikadhani nyonga imembana. Nikaenda nikainama mbele yake.

"Mama? Ni maumivu?"

"Mimi ndiye niliyekivunja," akasema polepole. "Tuligombana, hata sababu siikumbuki. Nikaubamiza huo mlango kwa nguvu zangu zote, nikasikia kitu kinaanguka ndani. Kesho yake nikakuta utepe. Nikasema, sawa, amenifungia kiti changu. Halafu akafa."

Miaka sita alikuwa akipita juu ya gia kama paka, akiamini anatumikia adhabu.

"Fungua ubao," nikamwambia Koleo. "Lakini polepole."

"Nilikuwa nataka kuufungua hata hivyo, nikitoe kioo changu."

"Bado si chako."

Alijua kazi, sitamnyima hilo. Kwanza alibandika tepe pana juu ya kioo, kutoka nje hadi ndani, kikaning'inia kwenye fremu. Nikakishikilia kwa viganja viwili. Akauchomoa mkono wa kuzungushia kioo, akafungua skrubu mbili za mahali pa kuegemeza kiwiko, kisha akapitisha bisibisi bapa pembeni mwa ubao na kubandua vibanio kimoja kimoja. Ubao ukatoka. Vumbi, buibui aliyekasirika, na kipande cha mti kimesimamishwa wima chini ya kioo kukizuia kisizame.

Koleo akatia mkono ndani, akanionyesha. Mashine ya kioo ilikuwa nzima: meno ya gia mazuri, mkono wake wa chuma umenyooka. Mwishoni mwa mkono ule kulikuwa na pini tupu.

"Hapa panakaa kigurudumu," akasema. "Kinatembea kwenye reli chini ya kioo. Ukizungusha, mkono unapanda, kigurudumu kinateleza, kioo kinapanda. Hicho ndicho kilichovunjika."

"Kigurudumu tu?"

"Tu. Ila hakiuzwi popote. Magari kama haya kumi yamelala kwangu uani, yote yamevunjika papo hapo."

Alikuwa ameuchomoa ule mti ili auweke kando. Nikauchukua. Kwa kalamu ya risasi, mwandiko ule ule wa kwenye utepe, uliandikwa: *upana 18, unene 7, shimo 6. Nailoni.* Nikampelekea mama mkwe. Akauweka karibu na jicho, kisha mbali.

"Hii ni nini?"

"Vipimo, Mama. Alishapima. Alikuwa anataka kukitengeneza."

Aliushika ule mti kwa mikono miwili. Kisha, mbele yangu na ya mwanamume mgeni, akapenga kamasi kwenye kanga yake, na sauti yake ikarudi kama ilivyokuwa asubuhi.

"Nailoni unayo?"

"Iliisha juzi. Mzigo mpya unakuja wiki ijayo."

"Yale meno yangu ya zamani yalikuwa ya nini?"

"Nailoni," nikasema. Kisha nikaelewa. "Mama, hapana."

"Yako kwenye kikombe, dirishani. Nimeyatunza kwa dharura. Hii si dharura?"

Koleo aliangalia kwingine, mabega yanamtetemeka.

Niliyaleta meno yale kwenye meza yangu ya kazi. Nyuma, chini ya magego, ufizi wake ulikuwa mnene vya kutosha, kwa sababu taya la mama mkwe limepungua zaidi kuliko maneno yake. Nikakata kipande, nikatoboa tundu, nikakifunga kwenye mashine na kukisaga taratibu nikipima kila baada ya mizunguko michache. Kumi na tisa. Kumi na nane na nusu. Kumi na nane. Nikakilainisha kama ninavyolainisha ukingo wa jino ili usimkwaruze mtu ulimi. Kikatoka cha mviringo, kinang'aa, cha rangi ya waridi.

Koleo akakigeuza kidoleni. "Nimefanya kazi hii tangu sina ndevu," akasema. "Sijawahi kuona ufizi wa gari."

Kiliingia kwenye pini kwa kusukuma kidogo tu. Akapaka grisi relini, tukakishusha kioo kikakaa, akabandua tepe. Akaurudisha ubao na mkono wa kuzungushia, kisha akasogea pembeni, akamwangalia mama mkwe.

Alikuja kwa fimbo yake. Hakuuliza mtu. Akauvuta mlango wa kushoto, akageuka, akashusha matako kitini, kisha akaingiza mguu mmoja, na wa pili akausaidia kwa mkono. Hakuna gia. Hakuna laana. Akazungusha. Kioo kikashuka bila kelele. Akazungusha upande wa pili, kikapanda hadi juu kabisa, na ule mwanya wa vidole viwili ukaondoka.

"Sasa, mama," Koleo akaniambia, sauti ya biashara imerudi. "Tuzungumze. Kikiwa kizima hivi, thamani yake imepanda."

Niliangalia saa. Saa sita kasorobo. Zahanati hufunga saa saba.

"Haiuzwi," nikasema. "Ufundi wako nitakulipa. Hayo magari kumi ya uani kwako, niletee vipimo, mzigo wa nailoni ukifika nitakutengenezea."

Akafikiri kidogo, akakuna mvi. "Vya waridi?"

"Vya rangi utakayo."

Niliubandua ule utepe mlangoni. Gundi ilikuwa imezeeka, ukatoka mzima. Nikampa mama mkwe, akaukunja, akauingiza kifuani bila kuusoma. Nikaingia upande wangu, nikawasha injini.

"Tunaenda wapi na nguo hizi?" akauliza.

"Mazoezini. Umekosa saba, ya nane hukosi."

"Hata kitambaa sijabadilisha!"

"Wanataka nyonga, Mama, si kitambaa."

Nikarudi nyuma hadi langoni, nikasimama. Lori la Koleo lilikuwa bado limeziba njia, na mwenyewe ameinama uani anakusanya bisibisi zake. Nikanyoosha mkono kupiga honi. Mama mkwe akanizuia, akakishusha kioo hadi chini, akatoa kichwa nje.

"Wewe Koleo!" akapaza sauti. "Sogeza hilo dude lako, tumechelewa!"