Macho ya Dubu

Somo la arobaini na moja la kitabu chetu cha kujifunza kuchora lilikuwa dubu. Mviringo mkubwa wa kichwa, mviringo mdogo wa mdomo, nusu duara mbili za masikio, vitone viwili vya macho, pua, kisha mwili kama kiazi kilichosimamishwa. Hatua sita, ukurasa mmoja. Nimechora masomo ya wanaoanza kwa miaka mingi, mpaka ofisini wananiita Fundi Duara, kwa sababu kwangu kila kitu huanza na duara, hata garimoshi. Dubu hakunitia wasiwasi. Ni mnyama wa kusamehe: ukimnenepesha bado ni dubu, ukimkondesha watasema ni mtoto.

Ila kwetu hakuna ukurasa unaokwenda kiwandani kuchapwa bila kupita kwa Shangazi.

Shangazi ndiye anayefagia ghorofa yetu na kutuchemshia chai. Kila mtu humwita hivyo, hata mhariri, ambaye amemzidi umri. Utaratibu aliuweka mhariri mwenyewe: kila somo lijaribiwe na mtu asiyejua kuchora. Anapewa ukurasa, karatasi nyeupe na penseli bila kifutio, anakaa kwenye meza ya dirishani nusu saa. Akimaliza, mchoraji anakaa mbele yake na kumuuliza swali moja tu: pagumu umepaona wapi? Pale alipokosea yeye, narekebisha mimi. Siku atakayochora bila kosa amehitimu, anatafutwa mwingine. Mlinzi wa getini alidumu masomo manne. La nne alimtilia paka kivuli, mhariri akampa mkono wa pongezi na kumrudisha getini.

Shangazi alichukua nafasi hiyo mwezi wa pili, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuhitimu. Jogoo wake alitoa miguu kifuani. Tembo wake alikuwa na mkonga uliochomoka chini ya sikio. Nilimfurahia, nakiri. Mtu wa kukosea kwa uaminifu namna ile hapatikani kirahisi.

Dubu ndiye aliyetukosanisha. Jumatatu Shangazi aliweka macho juu kabisa, karibu na masikio, dubu akawa kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa usiku. Nikaongeza mstari wa kuonyesha nusu ya uso. Jumanne macho yakarudi palepale. Nikaongeza mstari wa pili, kisha mshale. Jumatano yalipanda zaidi, moja likagusa sikio. Ukurasa wangu mzuri sasa ulikuwa na mistari mingi hivi kwamba dubu alionekana amefungwa kamba asafirishwe. Damu ikanichemka.

"Shangazi," nikasema, "katikati ni katikati tu. Au mshale huuoni?"

"Nauona."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo, mwanangu."

Nikasonya. Sikusonya kwa siri. Yeye akainuka, akarudisha penseli kwenye kopo, akaenda kuosha vikombe.

Ukurasa ulitakiwa kiwandani Ijumaa. Alhamisi asubuhi nikaingia kwenye jiko letu la ofisini, chumba chenye sinki moja na birika la umeme, nitazame kalenda. Nilikuwa nimekata shauri kuomba wiki moja zaidi. Nikaitungua kwenye msumari ili nione vizuri, na ile miezi iliyopita, iliyokuwa imekunjiwa nyuma, ikafunguka mikononi mwangu.

Migongo yake, iliyopaswa kuwa myeupe, ilikuwa imejaa michoro.

Nyuma ya mwezi wa pili kulikuwa na vitu vya kusikitisha, nyumba zimelala upande, kikombe chenye mpini ndani. Nyuma ya mwezi wa tatu mistari ilianza kutulia. Nyuma ya mwezi wa nne kulikuwa na jogoo, na miguu yake ilikuwa mahali pake. Na nyuma ya mwezi uliokwisha juzi, dubu watupu. Dubu anapiga deki. Dubu amebeba trei ya chai, ulimi umemtoka pembeni kwa kuogopa kumwaga. Dubu amesimama tu, kitambi mbele, mkono mmoja kiunoni, amechoka kama anavyochoka mtu anayeshinda wima. Macho yalikuwa katikati. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kusaidia.

Walikuwa wazuri kuliko wangu. Roho iliniuma, na iliniuma kwanza kwa hilo, siyo kwa kudanganywa. Kudanganywa kulifuata baadaye kidogo, nilipopiga hesabu kwamba tangu mwezi wa nne nilikuwa narekebisha masomo kwa makosa ya kuigiza.

Shangazi akaingia na ndoo. Akaiona kalenda, akaiweka ndoo chini taratibu.

"Hawa ni wa nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wangu."

"Basi kule mezani unanichezea."

"Mkijua kwamba najua, mnanitoa. Mlinzi mlimtoa."

"Lakini Shangazi, ni jaribio tu. Hata hulipwi kwa ajili yake."

"Sijasema nalipwa." Akajifuta mikono kwenye khanga aliyojifunga kiunoni. "Nina miaka kumi na moja kwenye ghorofa hii. Kiti pekee nilichowahi kukalia ni kile cha dirishani. Na humu ndani, swali ninaloulizwa ni sukari iko wapi. Pale ndipo naulizwa pagumu nimepaona wapi, na mtu mzima ananisikiliza, anaandika."

Nikakimbilia mambo ya kazi.

"Na masomo yote yale niliyobadilisha? Tembo? Jogoo?"

"Yale ni makosa ya kweli. Nilikosea hivyohivyo siku zangu za kwanza, nayakumbuka yote. Wewe ndiye umesahau. Mtu anayeanza anachora macho juu, kwa sababu akijitazama kwenye kioo anayaona yapo juu. Nusu ya uso hawezi kuamini."

"Na jana? Jicho kwenye sikio?"

"Jana nilikukomoa. Ulikuja na uso wa kusonya kabla hujasonya."

Nilishikwa na aibu, na nilicheka nikiwa nayo. Kisha nikamwomba ruhusa ya kumpelekea mhariri kalenda. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Mwishoni akasema nipeleke, ila nimwache kwanza amalize kupiga deki, asije akaitwa sakafu ikiwa nusu.

Mhariri aliitazama miezi yote tisa, mmoja baada ya mwingine. Si mtu wa maneno.

"Amehitimu tangu zamani," akasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo somo la dubu alichore yeye. Hatua zote, kwa jina lake. Mimi naondoa langu."

"Na nani atakosea?"

"Mimi. Kwa mkono wa kushoto."

Akanitazama juu mpaka chini, akasema anautaka ukurasa mezani kesho saa nne.

Shangazi alichora hatua zake alasiri ile. Zilikuwa saba. Hatua ya ziada aliiweka kabla ya macho: kivuli chepesi kwenye paji la uso, na maneno, hapa ndipo mkono wako utataka kwenda, uzuie. Sikuwahi kufikiria kitu kama hicho.

Ijumaa asubuhi nikakaa upande wa pili wa meza ya dirishani, mahali ambapo sijawahi kukaa. Nikapewa karatasi na penseli, kifutio nikanyimwa. Kwa mkono wa kushoto hata duara la kwanza lilitoka kombo, duara ambalo nimepewa jina lake. Masikio yalipishana. Maneno yake nilikuwa nimeyasoma, macho nikayazuia kwa nguvu zote, na hata hivyo yalipanda kidogo.

Shangazi alikaa mbele yangu na daftari. Alimtazama dubu wangu bila kucheka na bila kusonya.

"Pagumu umepaona wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimeuliza swali hilo zaidi ya mara arobaini, sikuwahi kuulizwa. Nilitaka kusema macho. Nikajisikia nasema kila mahali, Shangazi, tangu lile duara, na yeye akavuta kiti karibu, akaanza kuandika.