Dari Moja, Simu Kumi na Mbili

Wauguzi walimwita Bi Mvuke, na hakuwahi kukasirika. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuzunguka hospitali ndogondogo akiwafundisha watu kutakasa vifaa vya upasuaji kwa mashine ya mvuke: mikasi, koleo, visu, vitambaa. Alifundisha kwa mikono. Ukikunja vibaya furushi la vifaa alikushika kiganja akakurudisha mwanzo, na ukikosea tena alikuuliza kama vifaa hivyo ungependa viingie tumboni mwa mama yako. Wachache sana walikosea mara ya tatu.

Ofisi ikasema safari basi. Mafunzo yote yawe mtandaoni, kila muuguzi na simu yake, mwalimu na kompyuta yake. Mkuu wa mafunzo, ambaye kwa umri Bi Mvuke angeweza kumzaa, alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamwita Mama mara tatu kabla ya kusema alichomwitia. Nanyi mnajua, bosi akikuita Mama mara tatu kabla hujakaa, ana jambo.

"Mama, tuna hospitali moja, wauguzi kumi na wawili, vipindi vitatu. Mfumo wenyewe unahesabu waliobaki hadi mwisho na kujibu maswali. Kipindi cha tatu kikifika asilimia themanini, tunaendelea na wewe. Kisipofika, tutarekodi video, watu watajitazamia wenyewe."

"Na mimi?"

"Mama, tutakuaga vizuri."

Bi Mvuke hakuwa na shamba wala duka. Mume alikwisha kufa. Alikuwa na kazi hii, na aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya kijana yule. Akasema sawa, akabeba kompyuta, akaenda nayo nyumbani.

Kipindi cha kwanza alifundishia sebuleni, kompyuta ikiwa juu ya sufuria iliyopinduliwa ili kamera imfikie usoni. Mbele yake kwenye kioo kulikuwa na vyumba kumi na viwili vyeusi, kila kimoja kimeandikwa Muuguzi na namba yake. Akasalimia. Kimya. Akatania kidogo, utani ambao kwenye kumbi za hospitali ulikuwa ukiwavunja watu mbavu. Kimya. Akauliza kama wanamsikia, madole gumba matatu yakachomoza kwenye kioo, basi. Alizungumza saa nzima na giza, na giza lenyewe likawa linapungua: namba nne akatoka, namba tisa akatoka, kumi na moja naye huyoo. Mwisho walibaki watano.

Alibonyeza kitufe alichoamini kinazima sauti, akaegemea kiti. Wakati huohuo akaingia wifi yake, dada wa marehemu, msusi wa nyumba ya jirani, mkononi kikombe cha chai. Hakubisha hodi. Mawifi wengine wamezaliwa bila mkono wa kubishia.

"Wifi, leo unahubiria makaburi?"

"We acha tu. Watano kati ya kumi na wawili! Hawa wasipofika themanini kwa mia siku ya mwisho, mimi kazi sina. Nafukuzwa, wifi, kiti changu kinakaliwa na video."

"Si uwape kazi ya mikono? Mteja wangu akianza kusinzia namkabidhi nywele anichambulie. Mtu mwenye kitu mkononi halali." Akainama kwenye kioo. "Na hii taa ya kijani ya nini?"

"Ya umeme," alisema Bi Mvuke, kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Keshokutwa yake, kipindi cha pili, mambo yakageuka. Wote kumi na wawili waliingia kabla ya saa. Alipouliza kama wanamsikia, madole gumba yalimiminika. Alipotoa maswali, majibu yote yalikuwa sahihi, na hakutoka mtu hadi mwisho. Alichoona ni kwamba madole yalikuja kwa foleni, namba moja, namba mbili, namba tatu, mpaka kumi na mbili. Akasema moyoni, hawa watu wana nidhamu.

Mkuu wa mafunzo akamtumia picha ya mikono inayopiga makofi. Bi Mvuke akaimba jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mumewe. Wifi alimsikia kupitia ukutani, akaja kusimama mlangoni.

"Mgema akisifiwa, wifi," alisema, na hakumalizia, kwa kuwa hakukuwa na haja.

"Wivu tu huo."

Kipindi cha tatu kilienda hivyohivyo. Maswali ya mwisho yakaisha, na pembeni mwa kioo mfumo ukaandika mia kwa mia. Kilichobaki ni kubonyeza Maliza. Lakini dakika ishirini zilikuwa zimesalia, naye alikuwa na furaha. Mwalimu mwenye furaha hataki kuachia watu waende. Akakumbuka neno la wifi.

"Wanangu, fungueni kamera. Kila mmoja achukue kitambaa na mkasi, anikunjie furushi nikiona."

Kwa mara ya kwanza tangu juzi, hakuna dole lililochomoza.

"Jamani, mimi si mgeni. Fungueni."

Muuguzi namba moja akafungua. Likaonekana dari. Namba mbili akafungua: dari. Namba tatu, dari. Vyumba vikafunguka kimoja baada ya kingine, taratibu, na kila kimoja kilikuwa na dari ya mbao nyeupe, taa ndefu, na doa la kahawia la maji ya mvua. Ilikuwa dari moja. Doa lilikuwa moja, limepigwa picha kutoka pande kumi na mbili. Kisha uso wa mwanamke ukapita juu ya simu zote, ukitoka namba moja kwenda kumi na mbili, na sauti ikasema, "Shikamoo mwalimu," kumi na mbili kwa pamoja, zikagongana, zikalia miluzi mpaka Bi Mvuke akaziba masikio.

"Zima sauti za hizo, bakiza moja! Wewe ni nani?"

"Muuguzi namba tano, mwalimu. Mtunza stoo ya vifaa."

"Na wenzako?"

"Wako wodini. Tuko wachache, mwalimu, wodi haiachiki. Na simu haziruhusiwi kule, zinaachwa huku kwangu. Basi nikawa nazibonyeza."

"Zote?"

"Zote."

"Nani kawatuma?"

"Hakuna. Siku ya kwanza hukuzima sauti, mwalimu. Sisi watano tuliobaki tulikusikia ukisema utafukuzwa, tukawaambia wenzetu. Tukaona haiwezekani mtu mzima kama wewe apoteze kazi kwa ajili yetu. Tukakubaliana." Akatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi na anasubiri ifunguliwe. "Bonyeza tu umalize. Imeshaandika mia."

Bi Mvuke aliona aibu, akaona hasira, na chini ya hivyo viwili kulikuwa na shukrani, kwa sababu watu asiowahi kuwaona walikuwa wamekaa wakala njama ya kumwokoa. Alitaka kumkumbatia yule binti na alitaka kumzaba kofi. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya Maliza. Hakuna ambaye angejua.

Ila nyuma ya bega la mtunza stoo aliiona mashine, mlango wazi.

"Hebu nisogezee simu pale."

Mashine ilikuwa imeshindiliwa mafurushi mpaka juu, kama sanduku la mtu anayehama, lililobaki kukaliwa ili lifungike.

"Hii ni ya lini?"

"Ya kesho asubuhi. Kuna akina mama watatu wa upasuaji. Naiwasha tukimaliza hapa."

"Mnapanga hivi siku zote?"

"Tangu tuletewe. Hivi kazi inaisha mara moja."

"Na lile swali la nne, la nafasi kati ya furushi na furushi. Umejibu nini?"

"Vidole viwili, mwalimu, ili mvuke upite." Mtunza stoo akaitazama mashine, akarudisha macho kwenye simu. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Nimejibu mara kumi na mbili."

Bi Mvuke akaondoa kidole.

"Toa yote, weka mezani. Lakini kwanza hizo simu nyingine zitoe darasani. Sifundishi simu."

"Mwalimu, itashuka."

"Zitoe."

Akaanza na ya kumi na mbili. Mfumo ukaandika tisini na moja. Akatoa ya kumi na moja, ukaandika themanini na tatu. Akashika ya kumi, akasita.

"Mwalimu, tukiishia hapa kazi bado unayo."

Nje wifi alikuwa akimcheka mteja fulani, kicheko cha saluni, kirefu. Bi Mvuke alisubiri kiishe. Aliogopa, na hakuna sababu ya kusema hakuogopa.

"Endelea, mwanangu."

Mfumo ukaandika sabini na tano. Baada ya hapo zikatoka harakaharaka mpaka ikabaki simu moja, imeegemezwa kwenye chupa ya dawa ili mikono yote miwili iwe huru. Walikaa saa moja na dakika arobaini. Furushi la kwanza lilikunjwa mara tano. Bi Mvuke hakuwa na kiganja cha kushika, akajikuta anakunja kanga yake mwenyewe mbele ya kamera, anaikunjua, anakunja tena, anafoka, anasifu, anafoka. Mwisho mafurushi yakagawanywa mara mbili, awamu mbili za mvuke badala ya moja, na mtunza stoo akapitisha vidole viwili katika kila nafasi, akihesabu kwa sauti. Kisha Bi Mvuke akabonyeza Maliza.

Mkuu wa mafunzo alipiga simu kabla chai haijapoa.

"Mama, mbona naona nane?"

"Nane na kitu."

"Lakini ilikuwa mia! Mimi mwenyewe nimeiona. Ungebonyeza tu!"

"Aliyekuwepo ni mmoja. Wengine wako wodini, hawatoshi. Na wanashindilia mashine. Niandikie safari ya siku mbili niende nikawashike mikono."

"Mama." Akavuta pumzi. "Safari hakuna. Na wewe sasa nikutetee kwa lipi? Umenifunga mikono."

"Najua."

"Sasa ulifanya kwa nini?"

"Ungeiona ile mashine usingeuliza."

Ijumaa alirudisha kompyuta. Walimuaga vizuri, ahadi ilitimizwa: soda, hotuba mbili, na cheti ndani ya fremu. Mkuu wa mafunzo alisema ni hasara kubwa kwa taasisi, na huenda alikuwa anasema kweli. Wifi alimsubiri kwenye kibaraza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakutania. Alimshika mkono, wakakaa.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, Bi Mvuke alikuwa anafagia ua huku akipanga namna ya kuishi siku isiyo na ratiba. Simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni namba saba."

"Namba saba ya wapi?"

"Muuguzi namba saba. Hatujawahi kuonana. Ndiyo natoka zamu." Nyuma yake mlango ulifungwa na vyombo vikagongana. "Wale akina mama watatu walisharudi nyumbani, wazima. Na mwenzetu wa stoo ametuonyesha kupanga, tumeelewa wote. Ila mimi nina swali, nikaona nichukue namba yako kwake."

Bi Mvuke alifumbua kinywa amwambie kwamba yeye si mwalimu tena, swali apeleke ofisini, kuna video inatengenezwa.

"Uliza," alisema.

"Mafurushi yakitoka kwenye mashine huwa na unyevu. Sisi tunayaanika dirishani yakauke kwa upepo. Si ni sawa tu, mwalimu?"

Ufagio ulikuwa bado mkononi. Akauegemeza ukutani.

"Yako dirishani sasa hivi?"

"Ndiyo. Tangu alfajiri. Yanasubiriwa kwa upasuaji wa saa nne."

"Yatoe. Kitambaa chenye unyevu kinapitisha vijidudu hadi ndani. Hakuna hata moja liende kwa daktari, mwambie nimesema mimi. Halafu nipigie kwa kamera, na aliye karibu asiondoke."