Senene wa Kwanza wa Kamugisha

Kamugisha alisema biskuti zangu zina mchanga. Alisema mbele ya duka lake pale Kayanga, mwaka jana, msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukiwa umepamba moto. Watu walimwamini kwa sababu yeye ni Mhaya wa Muleba, na mimi ni Hagenimana, mtoto wa kibarua wa kahawa aliyetoka Burundi. Alisema Mrundi na senene wapi na wapi, anawafagia chini ya taa za barabarani na kuwapika na mchanga wao.

Biskuti zile nilizibuni mimi. Senene wa kukaanga hawakai. Mtu aliyekuja Krismasi kutoka Mwanza akiwabeba kurudi nao, wanalainika njiani na kunuka. Mimi nikawachanganya na unga wa ngano, siagi, chumvi na pilipili manga, nikaoka kwenye tanuri langu la matofali nyuma ya nyumba, Bugene. Zinakaa mpaka Pasaka. Kwenye mfuko niliandika: "Msimu umeingia. Mpe mumeo, akupe kitenge." Huku kila mtu anajua maana yake. Mke ndiye anayemletea mume senene wa kwanza wa mwaka, na mume humshukuru kwa nguo mpya. Wanawake walicheka, wakanunua. Wanaume walinung'unika, wakala.

Kamugisha ndiye aliyekuwa akiniuzia dukani. Alipoona zinatoka, akampa mkewe Laurensia trei na unga, wakaoka za kwao, na maneno yangu wakayaandika vilevile kwenye mfuko wao. Hilo ningelimeza. Lakini watu waliendelea kuulizia za Hagenimana, ndipo akaleta habari ya mchanga. Krismasi ile kuku wangu walikula biskuti kuliko Wakristo.

Sikwenda kugombana naye. Nilikaa na hasira yangu mwaka mzima kama mtu anayefuga ng'ombe, naikatia majani kila siku. Nilitaka jambo moja tu: mdomo uliosema mchanga upo useme haupo, na watu walewale wasikie.

Mwaka huu senene walishuka Ijumaa, baada ya mvua kubwa. Nilijua Laurensia yuko kwa mama yake Bugomora, maana kila msimu huenda huko kukusanya senene wa kuokea. Nilijua pia kwamba Jumapili Kamugisha ataweka meza nje ya kanisa, aonjeshe watu keki za ndizi huku akipokea oda za biskuti za Krismasi. Nikaweka meza yangu karibu na yake. Nyuma ya meza alikaa Kokwijuka, mjane anayenichunia senene mabawa na miguu. Neno la mchanga lilimuuma yeye kuliko mimi, kwa sababu mikono ni yake. Nilipomweleza nia yangu hakuuliza kwa nini. Aliuliza misa inatoka saa ngapi.

Misa ilipotoka watu wakajaa kwenye meza zote mbili. Kokwijuka akamwamkia Kamugisha shikamoo kwa unyenyekevu wote, kisha akapaza sauti.

"Waitu, mzee wangu Kamugisha, watu wananiuliza kama kweli kuna mchanga. Mimi nikikana watasema natetea tumbo langu. Mjuzi ni wewe. Onja, utuambie."

"Sili uchafu."

"Au meno ndiyo yameisha?"

Watu walicheka. Mzee mmoja akatupa neno la Kinyambo, kwamba hajawahi kuona mwanaume anayekimbizwa na senene. Kamugisha si mtu wa kuvumilia kuchekwa mlangoni pa kanisa. Alipokea biskuti mkononi mwa Kokwijuka, akauma. Akili yake yote ilikuwa kwenye mchanga, namna atakavyokunja uso na kutema. Hakukumbuka kwamba msimu ndiyo kwanza umeingia, wala mkono ule ni wa nani. Akatafuna, akasahau kutema, akameza. Ndipo akasema, "Mchanga." Lakini alikuwa ameshachukua ya pili.

Mimi nilikuwa nimeinua simu, narekodi. Niliiweka video ile kwenye status nikaandika: "Msimu umeingia. Mzee Kamugisha akila senene wake wa kwanza wa mwaka, kutoka mkononi mwa Kokwijuka. Biskuti zinapatikana Bugene."

Sijawahi kuandika tangazo likafika mbali kama lile. Jioni lilikuwa Bugomora. Laurensia alikuwa ameketi na mama yake wanachuna senene, na kapu la mumewe amelitenga pembeni, limefunikwa jani la mgomba. Niliambiwa baadaye kwamba hakulia. Alilifunua lile kapu akawapa kaka zake, wakala wote, na kesho yake wakamnunulia kitenge wao. Kisha akatuma ujumbe kwamba hawezi kumwokea mume anayelishwa na wengine.

Kamugisha alipanda pikipiki kwenda Bugomora na kitenge, akarudi nacho. Akaenda tena na kingine kizuri zaidi. Mama mkwe akamwambia ampelekee Kokwijuka, ndiye anayestahili.

Wakati huo Krismasi inakaribia, na oda alikuwa amekwisha kuzipokea: kwaya, walimu, akina mama wa jumuiya. Alijaribu kuoka mwenyewe, jirani zake wakadhani nyumba inaungua. Ndipo alipokuja kwangu.

Nilikuwa natoa trei. Sikumpa kiti. Alisema sisi ni ndugu, tumetoka mbali, biashara ina mambo yake. Aliomba nimwokee, yeye aweke kwenye mifuko yake. Nikamjibu kwamba wateja wake waje kwangu wenyewe, wachukue kwenye mfuko wangu.

"Hawatakubali," alisema. "Unajua yale maneno ya mchanga."

"Maneno ya nani?"

Nikaendelea kupanga biskuti.

"Jumapili," nikamwambia, "kanisani, wakati wa matangazo."

"Hagenimana, usinivue nguo mbele za watu."

"Nguo unazo. Si umerudishiwa vitenge viwili?"

Aliondoka bila kuaga. Lakini wanakwaya walikuwa wanamsubiri dukani, na walimu nyuma yao, na biskuti hazikuwepo popote isipokuwa kwangu.

Jumapili nilikaa benchi la mwisho, kwa makusudi. Mwenyekiti wa kigango alimaliza matangazo yake akampa Kamugisha nafasi. Alisimama na kofia mkononi, akaongea na sakafu. Alisema haraka haraka kwamba oda za Krismasi zitachukuliwa kwa Hagenimana, kwamba biskuti zile ni safi, hazina mchanga na hazijawahi kuwa nao, na kwamba aliyesema hivyo alikosea. Kisha akaanza kukaa.

Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza amesema nini. Nikasimama.

"Wa nyuma hatujasikia."

Kanisa zima liligeuka kunitazama, kisha likamgeukia yeye. Kamugisha alinyanyuka tena. Alirudia yote kwa sauti, kuanzia mwanzo, na alipofika kwa aliyesema, akamtaja.