Sauti Juu ya Mateke

Ugonjwa wa koo ulipomnyang'anya baba sauti, ilibaki mahali pamoja tu: kwenye kaseti ya video ya sinema ya kungfu ambayo hata jina lilishafutika ubavuni. Enzi za ukumbi wake wa video baba ndiye aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti, na kaseti ile aliirekodia maneno yake kabisa. Stelingi, yule shujaa wa sinema, akipanda paa, baba hupayuka: "Mama mkwe, jifunike macho, mkweo anaruka!" Ukumbi mzima hoi kwa kicheko.

Sasa baba anaandika kwenye daftari. Aliandika: *Nataka kujisikia.*

Kaseti ilikuwa imeota ukungu. Nikaipeleka kwa mkusanyaji wa sinema za zamani, bwana mmoja ambaye kaseti zimemjaa chumbani hadi zimeziba dirisha. Aliipokea kwa ncha za vidole, jasho likamtoka. Alikuwa ameitafuta miaka ishirini.

"Dada, mkanda umechoka huu. Nitausafisha, lakini utapita kwenye mashine mara moja tu, halafu basi. Kuna lolote nijue?"

Hapo ndipo nilipojiponza. Wakusanyaji hawataki kitu kilichochezewa, nami niliogopa akijua atanirudishia.

"Hakuna, kaka. Ni nzima kama ilivyotoka kiwandani."

Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani na nakala, meno yote nje. Tukaiweka. Picha safi, mpaka vifungo vya stelingi unavihesabu. Baba akasogeza kiti. Watu wa kwenye sinema wakaongea Kichina, na Kichina tu.

Nikamvuta mkusanyaji mlangoni. "Sauti ya mtafsiri iko wapi?"

"Yule mlevi? Mkanda ulikuwa na sauti mbili, dada, na nafasi ya kuchukua moja. Nikachukua ya kiwandani, kama ulivyosema."

"Na mkanda wenyewe?"

"Umekwisha. Umepukutika wote."

Nilitamani kumrarua, ila mdomo ulioifuta sauti ya baba ulikuwa wangu. Niliona haya.

Stelingi akapanda paa. Midomo ya baba ikaanza kucheza: mama mkwe, jifunike macho. Akatega sikio. Akachukua rimoti, akaongeza sauti, akaongeza tena, hadi vioo vikatetemeka.

Kisha akaninyooshea rimoti, nijaribu mimi.