Mbio za Baba Kenga

Mume wangu Kahindi alipoanza kucheza mpira na miaka yake sitini, mimi Mbeyu nilitamani ardhi inimeze. Mwaka wa 1948, hapa Changamwe, mzee mwenye wajukuu saba anavaa kaptura! Kweli, tangu ajiunge na wazee wenzake wa reli alikuwa akipanda kilima chetu bila kusimama, na kile kifua kilichokuwa kikimkoroma kutwa kilikuwa kimenyamaza. Nililiona hilo, lakini kumwambia? Ng'o!

"Baba Kenga," nilimwambia, "siku utakayorudi umebebwa, tunafunga mizigo. Twende Rabai ukakae kwenye kigoda."

"Na nisipobebwa?"

"Tutabaki."

Rabai ni kwao na anapapenda, ila kigoda hakitaki. Wenzake wako hapa, na raha yake iko hapa.

Jumamosi walikuwa wacheze na wazee wa Jomvu Kuu. Nikaificha kaptura kwenye pipa la unga. Akaitafuta weee, hadi saa ya mpira ikampita. Mwishowe akakunja shuka mapajani, akatoka mbio.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Ama anamfukuza nyoka, ama nyoka anamfukuza yeye. Jirani yangu Pascalia alipomwona akipita hakuuliza kitu. Alitazama upande wa maghala, kule mzee alikoelekea, akapiga ukemi.

"Moto jamani! Mzee Kahindi anakimbia!"

Mtaa mzima ukatoka na ndoo na matawi. Kinyozi alitoka na wembe wake, mteja nyuma na ndevu nusu. Na mimi, niliyejua vizuri kaptura iko wapi, nikaingiwa na shaka: huenda moto upo kweli! Nikajitwika ndoo ya maji, nikawafuata mbio.

Tulipovamia uwanja, wazee wa Jomvu walidhani tumekuja kuwapiga, wakakimbilia golini kwao. Dishon, karani aliyekuwa refa, alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamvimba. Kahindi alikuwa katikati, anaomba mpira.

"Moto uko wapi, mzee?" Pascalia akamwuliza.

"Moto gani? Mimi nimechelewa!"

Watu waliangua kicheko, Jomvu na Changamwe pamoja. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini, na ndoo ikanimwagikia yote. Zile mbio zilikuwa zimenimaliza; nilipotaka kuinuka, magoti yakakataa.

Walitoka sare, mbili kwa mbili. Magoti yangu bado yalikuwa yamegoma. Kahindi akaja, akachutama mbele yangu.

"Panda."

Akanipandisha kilima chote mgongoni, anaimba, watu wanatupigia vigelegele. Nilitega sikio nimsikie akihema. Wapi! Nilifurahi, na papo hapo nikaona aibu.

Mlangoni akanitua. "Mama Kenga, leo nani karudi amebebwa? Nifunge mizigo?"

"Hebu nyamaza."

Nikaenda kwenye pipa, nikaitoa kaptura, nikaikung'uta unga. Kisha nikaipima kiunoni mwangu. Ilinibana kidogo tu.